Word ya Zamani na Word Mpya Kwenye Kompyuta Moja: Tenganisha Vinavyogombaniwa

Wengi wanaouliza kama Word mbili zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja huambiwa haiwezekani. Inawezekana. Word 2003 na Word 2010 zinaweza kukaa kwenye Windows moja miaka na miaka bila shida, na hata Word ya Microsoft 365 inaweza kuwa na Word 2007 pembeni yake. Programu zenyewe hazigombani, kwa sababu kila moja hujiwekea folda yake. Balaa hutoka kwenye vitu vichache zinavyotumia kwa pamoja: kiolezo cha Normal (faili ya mfano ambayo kila waraka mpya huanza nayo), folda ya kuanzia (Startup, yenye violezo vinavyopakiwa Word inapofunguka), usajili ndani ya Windows, na faili unayoifungua leo kwa hii, kesho kwa ile. Ni kama wapangaji wawili: kila mmoja ana chumba na ufunguo wake, ila jiko ni moja. Ugomvi hauanzii chumbani.

Kwa hiyo kazi kubwa si kusakinisha. Kazi ni kuligawa hilo jiko. Nitaanza na usakinishaji kwa kuwa ukiukosea, mengine yote yanayumba.

Namba unazohitaji kuzijua

Jina la Word linalouzwa na namba inayotumiwa na kompyuta ni vitu viwili tofauti. Word 2000 ni 9.0, Word 2002 ni 10.0, Word 2003 ni 11.0, Word 2007 ni 12.0, Word 2010 ni 14.0, Word 2013 ni 15.0. Namba 13 ilirukwa, haipo. Kuanzia Word 2016 namba ni 16.0, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: 2016, 2019, 2021, 2024 na Microsoft 365 zote ni 16.0. Zinasomwa na Windows kama kitu kimoja, zinaandika mahali pamoja kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na zinataka folda moja. Usijaribu kuweka mbili kati ya hizo kwenye Windows moja. Ama kisakinishi kitakataa, ama kitafuta moja ili kuweka nyingine. Ukitaka kuona 2016 na 2021 kwa wakati mmoja, hiyo ni kazi ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako), nayo nitaifikia.

Jambo la pili ni biti. Office ya biti 32 na Office ya biti 64 hazichanganyiki. Word 2003 na 2007 zilitoka kwa biti 32 peke yake, basi mwenzake lazima awe wa biti 32 vilevile, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Tangu 2019 kisakinishi cha Microsoft huweka biti 64 usipokiambia vingine, kwa hiyo ukibofya tu kitufe cha kupakua na kuacha mambo yajiendee, utakutana na ujumbe kwamba Office ya biti 64 haikuweza kusakinishwa kwa kuwa kuna programu za biti 32. Rudi nyuma, chagua toleo la biti 32 waziwazi.

La tatu ni namna ya usakinishaji. Office za zamani huwekwa kwa Windows Installer, ile ya faili za MSI. Zile mpya huwekwa kwa teknolojia inayoitwa Click-to-Run. Mchanganyiko uliotulia kuliko yote ni Office moja ya zamani ya MSI, yaani 2003, 2007 au 2010, pamoja na Office moja tu ya Click-to-Run. Zaidi ya hapo unaomba matatizo.

Kusakinisha: mzee kwanza

Anza na toleo la zamani kuliko yote, malizia na jipya kuliko yote. Sababu ni hii: kisakinishi cha toleo jipya kinamjua mzee na kinaweza kumwacha pale alipo, lakini kisakinishi cha zamani hakijui kwamba miaka kadhaa baadaye kutakuwa na kitu kinachoitwa Word 2013. Ukimweka mzee mwishoni atajisajili kuwa ndiye mwenye faili zote za Word, na ataandika juu ya mipangilio asiyoielewa.

Wakati wa kuweka Word 2003, chagua usakinishaji maalumu na uamuru kila sehemu ya Word iwekwe kikamilifu kwenye diski, yaani chaguo la Run all from My Computer. Usiache sehemu yoyote kwenye hali ya kuwekwa mara ya kwanza inapohitajika. Sehemu hizo za kungoja ndizo zitakazokuja kudai CD ya Office baada ya miezi, ukiwa katikati ya kazi, na CD yenyewe hujui iliko.

Ukifika kwenye 2007, 2010 au 2013 ya MSI, usibofye Upgrade. Bofya Customize, kisha kwenye ukurasa wa Upgrade chagua kubaki na matoleo yote ya awali. Hapo hapo, kwenye orodha ya programu, iondoe Outlook katika moja ya matoleo. Outlook haikubali kuwa mbili. Toleo jipya humwondoa mzee. Amua mapema ni ipi unayoihitaji.

Kwa Microsoft 365 na jamaa zake, kisakinishi cha kawaida hakikuulizi kitu. Tumia Office Deployment Tool, ambayo Microsoft huitoa bure: unaandika faili ndogo ya XML inayosema OfficeClientEdition ni 32, unaorodhesha kwa ExcludeApp programu usizozitaka, na unahakikisha hakuna mstari wa RemoveMSI, maana huo ndio unaoamuru Office za zamani zifutwe. Kisha unaendesha `setup.exe /configure` ikifuatwa na jina la faili hiyo.

Ukimaliza, kila Word itakuwa na WINWORD.EXE yake. Kwenye Windows ya biti 64 zitafute ndani ya `C:\Program Files (x86)\Microsoft Office`: OFFICE11 kwa 2003, Office12 kwa 2007, Office14 kwa 2010, na `root\Office16` kwa zile za Click-to-Run. Tengeneza njia ya mkato ya kila moja kwenye eneo kazi na uipe jina lenye mwaka. Usitegemee ikoni; baada ya wiki mbili utazichanganya.

Dirisha la "subiri kidogo" lisiloisha

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa mtu yeyote mwenye Word mbili. Unafungua Word 2007, kinatokea kidirisha kwamba Windows inasanidi Microsoft Office. Unasubiri. Unafunga, unafungua Word 2003, kidirisha kingine. Kila Word ya MSI ikianza hukagua kama ndiyo iliyosajiliwa mwisho. Ikikuta jina la mwenzake, inajisajili upya kabla ya kukuruhusu kuandika hata herufi moja.

Dawa ni thamani moja kwenye rejista. Fungua dirisha la amri na uandike:

`reg add HKCU\Software\Microsoft\Office\11.0\Word\Options /v NoReReg /t REG_DWORD /d 1`

Rudia amri hiyo ukibadilisha 11.0 iwe 12.0 kwa Word 2007, 14.0 kwa 2010, 15.0 kwa 2013. Inafanya kazi kwa mtumiaji aliyeingia tu, kwa hiyo kama kompyuta ina watumiaji watatu, kila mmoja aiendeshe kwenye akaunti yake. Ikiwa kidirisha kinaendelea kutokea hata baada ya hapo, tatizo ni sehemu ambayo haikuwekwa kikamilifu, kama nilivyosema kuhusu CD. Rudi kwenye kisakinishi cha toleo hilo ukaikamilishe.

Ipo gharama moja ya NoReReg. Word haitajirekebishia usajili wake tena, kwa hiyo siku utakapotaka toleo fulani liwe ndilo kuu, itabidi uliambie mwenyewe kwa `winword.exe /r`, ukiiendesha kutoka kwenye folda ya toleo hilo. Swichi hiyo inafaa kwa Word za MSI. Kwa Click-to-Run, nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, chagua kubadilisha, kisha Quick Repair.

Normal.dotm, jiko lenyewe

Word 2003 na zilizotangulia hutumia Normal.dot. Word 2007 na zote zilizofuata hutumia Normal.dotm. Kwa hiyo Word 2003 na Word 365 hazigombani hapa; kila moja ina faili yake, ingawa ziko folda moja. Lakini Word 2007, 2010, 2013 na 16.0 zote zinakwenda kwenye `%appdata%\Microsoft\Templates\Normal.dotm` ileile.

Matokeo yake yanajulikana. Fungua Word 2010, kisha bila kuifunga fungua Word 365. Ya kwanza imeishika Normal.dotm, ya pili inaipata kwa kusoma tu. Ukirekodi makro (mfululizo wa amri zinazojiendesha) au ukibadili fonti ya kuanzia kwenye ile ya pili, wakati wa kufunga utaulizwa uhifadhi mabadiliko ya kiolezo, na ukikubali inakataa au inataka uipe jina jipya. Watu huipa jina jipya, na kuanzia siku hiyo wana Normal mbili na hawajui ipi inatumika. Hata usipozifungua pamoja, mitindo ya aya iliyoandikwa na toleo jipya itaonekana kwenye la zamani. Mipangilio ya kuanzia ya Word 2007 ilikuwa Calibri 11 na nafasi ya pointi 10 baada ya aya, mistari ikiwa 1.15, Word 2013 ikaleta pointi 8 na 1.08, kisha kuanzia 2023 Word ya 365 ikahamia Aptos. Ukishiriki Normal moja, waraka mpya wa Word 2010 unaweza kuzaliwa na sura usiyoitarajia.

Aptos ina mtego wake, na unafaa kuelezwa. Ni fonti ya wingu: Office mpya huipakua na kuiweka kwenye hifadhi yake yenyewe, si kwenye folda ya fonti za Windows. Kwa hiyo Word 2010 iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo haiioni. Inaweka fonti nyingine mahali pake, mistari inahama, kurasa zinaongezeka. Ama uipakue Aptos kutoka Microsoft na kuisakinisha kama fonti ya kawaida, ama ubadilishe fonti ya kuanzia ya Word mpya iwe Calibri. Mimi ningechagua Calibri, kwa sababu waraka nao utasafiri kwenda kwa watu wasio na Aptos.

Kutenganisha Normal ni rahisi kuliko inavyosikika. Tengeneza folda mbili, mfano `C:\Violezo\W2010` na `C:\Violezo\W365`. Kwenye Word 2010 au mpya zaidi nenda File, Options, Advanced, shuka hadi chini kabisa ubofye File Locations. Chagua mstari wa User templates, bofya Modify, ielekeze kwenye folda ya toleo hilo. Kwenye Word 2003 orodha hiyo iko Tools, Options, File Locations. Funga Word na uifungue tena. Normal mpya itatengenezwa yenyewe ndani ya folda mpya. Kama una makro au mitindo kwenye Normal ya zamani, inakili hiyo faili kwenye folda mpya ukiwa umefunga Word zote.

Angalizo: mpangilio wa User templates huandikwa kwenye sehemu ya pamoja ya Office ya toleo hilo, kwa hiyo Excel na PowerPoint za toleo hilohilo nazo zitaanza kutafuta violezo vyao hapo. Hamishia humo violezo unavyovihitaji.

Kwenye orodha ileile kuna mstari wa Startup. Huu nao ni wa pamoja, `%appdata%\Microsoft\Word\STARTUP`, na kila kiolezo kilichomo hupakiwa na kila Word inayoweza kukisoma. Kiolezo cha .dot kilichoundwa kwa ajili ya pau za zana za Word 2003 kitapakiwa na Word 365 pia, na vitufe vyake vitajazana kwenye kichupo cha Add-Ins. Kipe kila toleo folda yake ya Startup.

Visivyo na ubaya vikiwa vya pamoja ni kamusi yako ya maneno ya ziada, CUSTOM.DIC iliyo ndani ya folda ya UProof, na orodha ya masahihisho ya kujiendesha. Hizo ziache. Ni faida kuziongeza mara moja na kuzipata kote. Vitu vingine kama faili za hivi karibuni na mipangilio ya kuonyesha viko kwenye rejista chini ya namba ya kila toleo, kwa hiyo tayari vimetengana.

Ukitaka kujua haraka kama tatizo fulani linatoka kwa Normal au kwa programu-jalizi, endesha `winword.exe /a` kutoka folda ya toleo husika. Swichi hiyo huizuia Word kupakia Normal na vijalizo vyote. Tatizo likitoweka, mhalifu ni kiolezo au programu-jalizi, wala usianze kusakinisha upya.

Kubofya mara mbili

Windows huikabidhi faili kwa Word iliyosajiliwa mwisho. Wengi hujaribu kurekebisha kwa Open with, wanavinjari hadi WINWORD.EXE ya zamani, wanaichagua, na bado inafunguka Word mpya. Wanadhani wamekosea. Hawajakosea. Windows huitambua programu kwa jina la faili yake, na Word zote zinaitwa WINWORD.EXE. Ikishakuwa na WINWORD.EXE moja kwenye orodha yake, ya pili inahesabiwa kuwa ileile.

Zipo njia mbili za kuzunguka. Ya kwanza, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa kila mtu, ni menyu ya Send to. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `shell:sendto`, kisha weka humo njia za mkato za Word zako zote zenye majina ya miaka. Kuanzia hapo unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, Send to, unachagua mwaka. Hakuna kubahatisha. Kwenye Windows 11 huenda ukahitaji kubofya kwanza Show more options.

Njia ya pili ni kwa anayetaka faili zote za .doc zifunguke kwa mzee na .docx kwa mpya. Andika faili ya maandishi iitwayo word2003.cmd yenye mstari mmoja:

`start "" "C:\Program Files (x86)\Microsoft Office\OFFICE11\WINWORD.EXE" "%~1"`

Hiyo ichague kwenye Open with kama programu ya .doc. Kwa kuwa jina lake ni tofauti, Windows haitaichanganya.

Ikiwa Word zote mbili ziko wazi unapobofya mara mbili, usishangae faili ikidakwa na ile usiyoikusudia. Word za zamani zilipokea maagizo ya kufungua faili kwa njia iitwayo DDE, na yeyote aliye macho anaweza kuitikia. Send to haina tabia hiyo.

Wanaoandika programu zinazoiendesha Word kutoka nje wasihangaike na `CreateObject("Word.Application.11")`. Inaonekana kama inaomba Word 2003, lakini matoleo yote ya Word yana kitambulisho kimoja cha darasa, kwa hiyo inakuja iliyosajiliwa mwisho. Ukitaka toleo fulani, liendeshe kwa njia kamili ya faili kwanza, kisha ulishike kwa GetObject huku Word nyingine zikiwa zimefungwa.

Faili inayokwenda na kurudi

Ukishatenganisha hayo yote, kilichobaki ni faili yenyewe, na hapa hakuna swichi ya kukuokoa. Kanuni yangu ni moja: kila waraka uwe na Word moja ya kuuandika. Nyingine iusome, iuchapishe, lakini isiuhifadhi.

Kuona waraka ni wa kizazi gani, usitazame kiendelezi peke yake. Faili ya .docx ina namba ya utangamano ndani yake. Nakili faili, badilisha kiendelezi cha nakala kiwe .zip, fungua `word/settings.xml` na utafute compatibilityMode. 14 ni Word 2010. 15 ni Word 2013 na zote zilizofuata. Ikiwa mstari huo haupo kabisa, unahesabiwa kuwa 12, yaani Word 2007. Njia fupi: bonyeza Alt na F11, kisha Ctrl na G, andika `?ActiveDocument.CompatibilityMode` na Enter. Kwa faili ya .doc utapata 11.

Namba hiyo si pambo. Inaamua jinsi Word inavyopanga mistari na majedwali. Mfano unaoonekana kwa macho ni jedwali: katika 14 na chini yake, maandishi ya ndani ya seli yanalingana na ukingo wa aya, kwa hiyo mstari wa jedwali unachomoza kidogo kushoto. Katika 15, mstari wa jedwali ndio unaolingana na ukingo, na maandishi yanaingia ndani. Ukibofya Convert kwenye waraka wa zamani wenye majedwali hamsini, yote yatasogea. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuvunja mstari hapa na kusukuma ukurasa pale. Usibofye Convert kwenye waraka ambao namba za kurasa zake zimeshanukuliwa mahali pengine.

Unapohifadhi kwenda .doc, vitu hivi hubadilika: visanduku vya kujazia huwa maandishi ya kawaida moja kwa moja, marejeo na orodha yake huganda, milinganyo ya hisabati hugeuka picha isiyoharirika, na maandishi yaliyohamishwa chini ya ufuatiliaji wa mabadiliko huonekana kama yamefutwa hapa na kuandikwa upya kule. Kwenda Word 2007 ukiwa na .docx ya Word mpya kuna hasara ya kimyakimya zaidi. Visanduku vya maandishi vya Word 2010 na baadaye huhifadhiwa mara mbili ndani ya faili, kwa namna mpya na ya akiba. Word 2007 husoma ile ya akiba na, ikihifadhi, huitupa ile mpya. Hakuna onyo.

Kabla ya kumpa mzee waraka, endesha Check Compatibility, iliyo File, Info, Check for Issues. Chagua matoleo ya kukaguliwa ili usisomewe maonyo yasiyokuhusu.

Kinyume chake pia kipo. Faili za Word 6 na Word 95 huzuiwa na Word mpya kwa usalama, chini ya Trust Center, File Block Settings. Badala ya kulegeza kizuizi hicho, zifungue kwa Word 2003 au LibreOffice (programu ya bure inayofanana na Office) na uzihifadhi upya. Kumbuka Word 2003 yenye Service Pack 3 nayo huzuia baadhi ya hizo za kale. Na kama Word 2003 yako haina Compatibility Pack ya kusomea .docx, Microsoft iliacha kuitoa mwaka 2018. Mwache mzee huyo abaki na .doc zake.

Makro

Hariri makro kwenye toleo la zamani kuliko yote litakaloiendesha. Ukiihifadhi kwenye jipya ikiwa na marejeleo ya maktaba ya Excel au Outlook, marejeleo hayo hupandishwa hadi 16.0, na ukirudi kwa mzee unakuta neno MISSING kwenye Tools, References, kisha hata kazi ndogo kama Left na Mid zinakataa. Tumia `CreateObject` bila marejeleo na tatizo linaisha. Application.FileSearch iliondolewa kuanzia 2007, basi makro ya 2003 inayoitegemea iandikwe upya kwa Dir. Na tamko lolote la Declare liwekwe ndani ya `#If VBA7`, kwa kuwa VBA 7 (VBA ni lugha ya makro za Word) ilikuja na Word 2010 na PtrSafe haieleweki kabla ya hapo.

Usalama, na lini mashine pepe ni bora

Microsoft iliacha kuihudumia Office 2003 tarehe 8 Aprili 2014, 2007 tarehe 10 Oktoba 2017, 2010 tarehe 13 Oktoba 2020, 2013 tarehe 11 Aprili 2023, na 2016 pamoja na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025. Mzee asifungue faili iliyotoka kwenye barua pepe. Kamwe. Tundu maarufu la usalama, CVE-2017-11882, lilikuwa kwenye kihariri cha zamani cha milinganyo, EQNEDT32.EXE, na Microsoft ilikiondoa kabisa kwa masasisho ya Januari 2018. Kama hukihitaji, kitafute kwenye folda ya EQUATION ndani ya `Common Files\Microsoft Shared` na ukibadilishe jina.

Kama mzee unamhitaji mara moja kwa mwezi, au ni Word 97, au unataka mbili za 16.0, mweke kwenye mashine pepe, mfano VirtualBox. Mpe Windows ya enzi yake, izime kadi ya mtandao, pitisha faili kwa folda ya pamoja. Hifadhi picha ya hali mara tu baada ya kuamilisha Office, ili ukiharibu kitu urudi hapo. Hata huko ndani leseni inahitajika kama kawaida.

LibreOffice ina utaratibu mzuri zaidi kuliko Word kwa jambo hili, na inastahili sifa. Kwenye Windows, `msiexec /a` ikifuatwa na faili ya MSI na `TARGETDIR=C:\LO\zamani` hufungua programu nzima kwenye folda bila kusajili chochote. Kisha fungua `program\bootstrap.ini`, ubadilishe mstari wa UserInstallation uwe `UserInstallation=$ORIGIN/..` na mipangilio yote itakaa humo humo. Kwenye Linux, anzisha soffice kwa `-env:UserInstallation=file:///` ikifuatwa na njia ya folda ya kila toleo. Unaweza kuwa na matoleo kumi na hakuna atakayemgusa mwenzake.

Siku ya kumuaga mzee wa Word, futa kwanza NoReReg ya toleo linalobaki, kisha mwondoe mzee, kisha mara moja ufanye Repair kwa aliyebaki. Kisakinishi cha zamani hufuta usajili wa faili za Word akidhani ni wake peke yake, na bila Repair utabofya .docx na Windows ikuulize uifungue kwa kitu gani.